Harusi Iliyongoja Marejesho

Renita alikuwa jikoni akichambua kunde za kula siku ya mwaka mpya kwa bahati njema, gauni la harusi likiwa chini ya aproni. Gauni lilikuwa limekaa kabatini miaka mitatu na sasa lilimbana kiunoni. Ilikuwa tarehe thelathini na moja Desemba. Saa kumi jioni Mchungaji Odom angewafungisha ndoa, yeye na Delmar, kabla watu hawajajaa kanisani kuukesha mwaka.

Aliyeanza kuiahirisha harusi hii ni yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomkera. Miaka mitatu nyuma, siku chache kabla ya harusi, Bi Tansy anayewajazia watu hesabu za kodi aliwaonya: mkioana kabla mwaka haujageuka, serikali itawahesabu mke na mume kwa mwaka mzima. Mshahara wa Renita wa kupika shuleni utajumlishwa na ule wa Delmar wa kiwanda cha kuku, na yale marejesho ya kodi wanayopewa wafanyakazi wa kipato kidogo wenye watoto, ambayo kila mmoja alikuwa akiyapata kwa wanawe, yatanyofolewa vibaya. Renita akasema, "Basi tungoje Januari." Delmar akakubali upesi mno.

Januari gari la Delmar likaharibika. Kiangazi akasema joto kali. Desemba iliporudi, akaikumbuka kodi kuliko hata Bi Tansy. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka. Safari hii Renita alikwenda mwenyewe kuchukua kibali cha ndoa.

"Huyo bwana harusi anakuja, au nivue kofia ya kanisani?" mama yake aliuliza kutoka sebuleni.

"Anakuja, Mama."

Alikuja kweli, na buti za kazini miguuni.

"Reni, mpenzi, nimefikiria," Delmar alisema akiwa bado mlangoni. "Mwaka umebakiza saa chache tu. Mbona tuiachie serikali pesa ya watoto?"

"Itakayopungua nitaifidia mimi. Nitafanya usafi majumbani Jumamosi."

"Si mambo ya kufidiana hayo."

Renita aliweka sinia chini. "Haya. Tuoane kesho asubuhi. Kesho ni mwaka mpya, haitatugharimu hata senti ya marejesho ya mwaka huu. Nampigia Mchungaji sasa hivi."

Delmar aliziangalia kunde. "Kesho watu watakuwa wamechoka, Reni. Mchungaji mwenyewe mtu mzima. Halafu gari linataka matairi. Tuone mwezi wa pili, marejesho yakishaingia."

Hapo Renita akajua. Haikuwa kodi hata siku moja. Kodi ilikuwa kisingizio, na aliyempa Delmar ni yeye mwenyewe, akidhani anawatafutia watoto riziki. Aliona aibu, kisha hasira, kisha uchungu mtupu.

"Mama," aliita, "vua kofia."

"Usiwe hivyo bwana," Delmar alisema. "Si tutakwenda wote kwa Bi Tansy kama kawaida?"

"Nenda mwenyewe. Akikuuliza kama una mke, hutapata taabu kujibu."

Delmar alijaribu kucheka, hakuweza, akatoka. Renita alilivuta sinia na kuendelea kutoa mawe kwenye kunde, machozi yakimdondoka humo humo. Kesho watoto wangetaka kula.