Mwendo Ulioondolewa Mara Mbili

Miaka ishirini na sita naendesha darubini ya redio katika bonde hili la West Virginia, na nimechoka. Mgongo umechoka, macho ndiyo usiseme. Hata mkate wangu uliojazwa soseji ya pepperoni naula baridi, maana huku maikrowevu ni marufuku; mawimbi yake yanaipigia darubini kelele.

Dokta Renata Kozlowski alikuwa hoi kuliko mimi. Kwa miaka sita alipima gesi ya ukingoni mwa galaksi yetu, ajue inazunguka kwa kasi gani. Wengine wote walikuta kasi haipungui hata ukienda mbali na kitovu. Yeye aliona inapungua, mstari kwenye mchoro wake ukiinama kwenda chini. Ijumaa angeyasoma hayo mbele ya wakubwa wake, na kazi yake ilitegemea mstari huo ulioinama.

Jumatano mchana alinipa karatasi zake. "Mzee Orville, nikagulie tarehe tu. Mimi naona ukungu."

"Unalala lakini?"

"Nitalala nikizeeka kama wewe."

Nilifungua daftari la zamu la mwaka wake wa kwanza. Mwandiko wangu mwenyewe: nimewasha kirekebishi. Yaani mashine ilikuwa ikiondoa mwendo wa dunia kulizunguka jua kabla namba hazijamfikia. Na kwenye hesabu zake, naye aliuondoa tena. Sehemu za mbali alizipima majira ya baridi, za karibu kiangazi, na mwendo huo hugeuka kwa majira, kwa hiyo kosa halikuwa sawa kote. Ndiyo maana mstari uliinama. Nilikiwasha, nikaandika, sikumwambia, na hakijazimwa tangu siku ile. Kwetu kila mtu hudhani mwenzake amesoma daftari.

Ningeweza kulifunga tu, nani angejua?

Nikamsukumia. "Soma hapo, mwanangu."

Alisoma. Akafuta sehemu moja ya hesabu kwenye kompyuta, akachora upya. Mstari ukanyooka kama wa watu wote.

"Kumbe haipungui," alisema.

"Haipungui. Nisamehe, Renata. Ilinipasa nikwambie siku ile ile."

"Na mimi ilinipasa niulize."

"Kazi je?"

"Kazi imekwenda na maji, mzee." Akamega mkate wangu, akatafuna bila hamu. "Nina saa mbili zangu za darubini zimebaki. Kuna sehemu ya mwisho sijaipima. Geuza darubini."

"Kirekebishi?"

"Kiache kiwake. Lakini safari hii useme."

"Kimewashwa," nilisema kwa sauti kubwa, ingawa alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipoketi.