Miguu Miwili, Magari Matatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, magari ya vifaranga yalipokuwa yakitoka getini kwa Amne, mtaa wa Njoro, Dominika alivua viatu, akaosha miguu bombani, akaikausha mpaka katikati ya vidole, kisha akaketi mezani na kuikanyagisha juu ya kigae cheupe. Mezani palikuwa na simu, daftari na kikombe cha chai ya tangawizi. Mwaka ulikuwa 2004, na hivyo ndivyo alivyoanza kazi kila siku isipokuwa Jumapili.

Saa mbili kasorobo unyayo wa kushoto ulianza kuwa mwekundu. Gari la Fredy lilikuwa limeiacha lami na kuanza kupanda Kibosho. Mguu wa kulia ulipata vumbi la kijivu, jepesi kama unga, lenye chumvichumvi. Hilo lilikuwa gari la Filemon, linateremka Kahe. Simu ikalia. Mteja wa Kibosho alitaka kujua vifaranga wake mia mbili wamefika wapi, kwa kuwa jiko la mkaa la kuwatia joto lilikuwa limeshawaka tangu alfajiri. Dominika akainama, akaona kipande cha jani la mgomba kimenata kisiginoni, akamwambia gari limeshaingia migombani, limebakiza kona mbili.

Kazi hii aliianza mwaka 1971, akiwa msichana wa Uru aliyemaliza shule ya masista na kuajiriwa ukarani kwenye gereji ya ushirika. Makarani wengine walitafuta malori kwa simu ya kuzungusha. Yeye alipewa malori mawili, moja kwa kila mguu, na kwa miaka ishirini hakuna gunia la kahawa lililopotea kwenye malori hayo. Hata alipolazwa kwa malaria, manesi walikuwa wakimwosha miguu mara tatu kwa siku na kumpelekea bwana gereji taarifa. Kisha biashara ikawa huria, wanunuzi binafsi wakapanda mlimani na magari yao, na malori ya ushirika yakapigwa mnada. Miguu ya Dominika ikakaa safi miaka tisa. Aliona aibu kwenda kanisani na miguu ile, maana kila mtu aliyemtazama alijua hana kazi.

Aliyemrudisha kazini ni Amne, mjane wa miaka arobaini na moja, mtoto wa mjini ambaye babu yake alikuja Moshi na ujenzi wa reli. Amne alianza na mashine moja ya kutotolea mayai chumbani alimokuwa akilala marehemu mumewe, akafika mashine sita na pikapu mbili. Kifaranga wa siku moja hangoji. Akikaa njiani kwenye baridi ya mlimani, hufika amekunja shingo, na mteja harudi tena. Kwa hiyo Amne alitaka kujua kila dakika magari yako wapi. Aliwahi kuwanunulia madereva simu za mkononi, akagundua kwamba dereva akipigiwa simu jibu lake ni moja tu, kwamba anakaribia. Fredy aliwahi kukaribia akiwa bado kitandani kwake. Ndipo Amne alipopanda Uru kumwomba Dominika, na tangu siku hiyo alimwita mama.

Mwaka huo wa 2004 biashara ilipanuka, na Amne akanunua pikapu ya tatu ya kwenda Mwika, akamkabidhi dereva wa kike aitwaye Violet. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Wiki ya kwanza, udongo wa Mwika ulikuja kuchanganyika na ule wa Kahe kwenye mguu wa kulia, Dominika akamwambia mteja wa Mwika kwamba gari lake limepita kwenye mpunga. Hakumwachia mtu mwingine alete habari za kosa hilo. Alikwenda mwenyewe kwa Amne.

"Mguu hautumikii mabwana wawili, mwanangu," alisema. "Tafuta kitu cha hilo gari la tatu."

Amne akatafuta. Kutoka Arusha akaja kijana mwenye tai, jina lake Ebenezeri, na kompyuta ya kukunja na kiboksi kisichozidi mche wa sabuni. Alieleza kwamba kiboksi hufungwa chini ya dashibodi, huzungumza na setilaiti, na gari huonekana kwenye ramani kama nukta. Alimwamkia Dominika shikamoo, akaitazama miguu yake juu ya kigae, akatoa kalamu. Aliuliza inachelewa dakika ngapi. Dominika akasema udongo wa tifutifu huja palepale, wa mfinyanzi huchelewa kidogo kwa sababu ni mzito. Kijana akauliza kama inafanya kazi ndani ya soksi. Inafanya, ila soksi huharibika. Mwisho akauliza, kwa heshima, itakuwaje siku mama akichoka.

"Na hicho chako kikichoka?"

"Kina garantii ya mwaka mmoja, mama."

"Mimi nimekwenda thelathini na tatu, ukitoa ile tisa niliyokaa bure."

Ebenezeri akaandika. Amne akaamua kwamba viboksi vifungwe kwenye magari yote matatu kwa majaribio ya mwezi mmoja, mama naye aendelee na kazi, halafu atachagua.

Mashindano yalikwenda kwa haki. Kiboksi kilijua dakika na kasi, na kilimkamata Fredy akikimbiza gari kwenye mteremko, jambo ambalo mguu hausemi. Lakini mawingu yakishuka Kibosho na migomba ikifunga njia, nukta ya Fredy iliganda penye kanisa la Kibosho hata nusu saa, wakati mguu wa Dominika ulikuwa umeshafika juu msituni na kupata udongo mweusi wa baridi. Mwika ilikuwa ya kiboksi peke yake. Ebenezeri alikuja kila Jumamosi, akalinganisha daftari na kompyuta, na pale mama aliposhinda aliweka alama bila kusukumwa.

Wiki ya tatu kompyuta ilitoa jambo zito. Kila Jumanne na Ijumaa, gari la Filemon lilisimama Kahe mahali pasipo na mteja, likasogea kidogo, likarudi palepale, yote dakika hamsini. Amne aliitazama ile nukta muda mrefu. Filemon alikuwa dereva wake wa kwanza, mtu mzima wa watoto wanne, asiyekunywa wala kukawia. Lakini Amne alijua habari za madereva wanaosimama vichakani na mpira wa kunyonyea dizeli. Akasema Filemon akirudi, atakabidhi funguo.

Dominika akasema asubiri. Akainua mguu wa kulia, akauweka juu ya kiti ili Amne auone vizuri.

Haukuwa na vumbi la barabarani. Kisigino kilikuwa kimefunikwa na tope lililokauka likapasuka vipande vipande kama gamba la kobe, na katikati ya vidole palikuwa na konokono wawili wadogo wa majini, wamekufa, weupe. Dominika akaeleza kwamba amekuwa akiupata udongo huo tangu Februari, na kila mara ameuandika, ila hakuna aliyemuuliza. Ulikuwa udongo wa tumbo la mfereji wa kumwagilia mpunga huko Kahe. Zamani, lori lilipovuka pale, mguu wake ulilowa mpaka kwenye kifundo, na mara moja kambare mdogo alirukaruka juu ya kigae cha gereji mpaka bwana gereji alipomtia kwenye ndoo.

"Mwizi wa dizeli hasimamishi gari ndani ya mfereji," alisema. "Twende tukaone."

Ijumaa wakapanda gari la Filemon, wote watatu mbele. Dominika alivaa soksi nzito, maana kusafiri ndani ya gari linalomjia miguuni kulimtia kizunguzungu. Kwenye kivuko cha mfereji walikuta wanawake kama ishirini wamekaa na madumu, na mbele yao amesimama mama mmoja mrefu aitwaye Magdalena, mkulima wa mpunga. Filemon akashuka, akafungua nyuma, wanawake wakapanga madumu pembeni ya maboksi ya vifaranga kama watu waliozoea. Kisha akawapeleka mpaka kwenye chemchemi, wakajaza, akawarudisha. Ilichukua dakika hamsini kamili.

Magdalena akamweleza Amne kwamba huko juu shamba kubwa la mboga za kusafirisha nje lilipewa mwekezaji, naye akajenga lango la zege kwenye kinywa cha mfereji na kulitia kufuli. Mpunga ulikufa mwezi wa pili. Kuku walifuata. Amne akamuuliza Filemon kwa nini hakusema. Filemon akatazama mikono yake.

"Ningesema, mama, ungenikataza. Halafu ningekuwa nakuasi."

Amne alitembea mpaka katikati ya mfereji, akasimama pale kwa viatu vyake vya mjini, na Dominika, aliyekuwa amekaa garini, akajisikia vizuri kumwona akiukanyaga udongo uleule. Waliporudi Njoro, Amne alichukua ratiba ya Kahe ukutani, akaongeza dakika hamsini, akaandika kwa mkono wake: maji.

Mwisho wa mwezi alimwita Ebenezeri na kumpa uamuzi. Atachukua kiboksi kimoja, cha gari la Violet. Ebenezeri alikuwa ametegemea vitatu, lakini hakubishana, maana hesabu alizifanya mwenyewe. Kwenye fomu yake palikuwa na nafasi ya magari mengine ya mteja, akaandika: mawili, yana mfumo tayari. Kisha akamwamkia Dominika mara ya pili siku hiyohiyo.

Huko Kahe watu walikuwa wameshaandika barua nyingi. Hatimaye maofisa wa maji wakawaita mjini kwenye kikao na wenye shamba, Jumanne moja ya mwezi wa tisa, na Magdalena akaja Njoro kumwomba Dominika aende nao. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Shamba lilikuwa limetoa taarifa yenye mhuri kwamba lango hufunguliwa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Dominika alivaa kitenge cha Pasaka. Amne alifunga ofisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba wa mumewe, akamsindikiza. Ukumbini palikuwa na meza ndefu, feni na maofisa watano. Upande wa shamba aliketi Wenseslaus, msimamizi, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole. Alisoma taarifa yote, mhuri kwa mhuri. Zamu ya Dominika ilipofika, alieleza kazi yake na miaka yake, akafungua daftari, akasoma Jumanne zote kuanzia Februari. Saa nne kasoro dakika tano akaomba ruhusa ya mwenyekiti, akavua kiatu cha kulia, na kwa kuwa aliona vibaya kuwaonyesha watu wazima unyayo chini ya meza, akauweka mguu juu yake. Ulikuwa safi.

Saa nne kamili Filemon aliingiza gari mferejini.

Vumbi likaja kwanza, halafu lile tope lililopasuka, likapanda polepole mpaka kisiginoni. Konokono mmoja akatokea chini ya kidole gumba. Maofisa wakasogeza karatasi zao zisichafuke. Wenseslaus akainuka, akavaa miwani, akaligusa tope kwa kidole.

"Ni kavu," alisema.

Mwenyekiti akamwomba karani aandike. Karani akaandika kwamba mguu wa kulia wa shahidi ulionekana, ukaguswa, ukakutwa mkavu, siku ya Jumanne, saa nne na dakika tatu. Mwenyekiti akamshukuru Dominika kwa ushahidi ulio wazi, akasema hajapata kuona ulio wazi zaidi. Kisha akasoma kibali cha maji. Kibali kilikuwa cha miaka kumi na kilisema wanakijiji watapewa maji yanayozidi mahitaji ya shamba. Msimamizi akaulizwa kama kuna yanayozidi. Akasema hakuna. Taarifa ile ya Jumanne itarekebishwa, akaahidi, ili isiwe na makosa. Kikao kikafungwa kwa sala.

Magdalena alitoka bila kumwangalia mtu. Dominika alikuwa ameshashika ngazi, kiatu mkononi, Wenseslaus alipomfikia na kumwamkia. Alisema shamba lina malori kumi na mawili ya kupeleka mboga uwanja wa ndege, na mashine yao hupotea kila mawingu yakishuka. Hajawahi kuona kitu cha uhakika kama mguu ule. Angempa ofisi yake mwenyewe, na zulia. Hata malori mawili tu yangetosha.

Amne alikuwa hatua moja nyuma. Hakutaka kumsemea mtu jambo kama hilo.

Dominika alimtazama yule bwana palepale ngazini. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na tangu siku ya mnada wa malori hakuna mtu aliyewahi kumgombea.

"Miguu yangu yote miwili ina kazi, baba," alisema. "Na huu wa kulia una kazi kwenye mfereji wako."

Akashuka ngazi. Amne alitaka kuita teksi, lakini Dominika alisema watatembea. Wakakatisha mjini saa sita mchana, jua likiwa utosini, mama wa kitenge cha Pasaka na kiatu kimoja, na mwenye magari matatu pembeni yake amembebea kile kingine. Tope lile halikudondoka. Karibu na soko, fundi viatu mmoja aliinua kichwa, akautazama mguu, akaacha kushona.

"Kahe maji bado, mama?"

"Bado," alisema Dominika, na akaendelea na mwendo wake.