Tone la Kijani

Kitu cha kwanza alichokiona ni tone la rangi ya kijani, dogo kama punje ya mtama, limekaa ndani ya injini mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake angepoteza rangi.

Msichana alikuwa amepiga magoti uani, nyuma ya jiko, na pikipiki ndogo ya kaka yake imeegemea ukuta. Gurudumu la sumaku alikuwa amelivuta likatoka, na chini yake ikabaki wazi ile sahani inayobeba platini, vile vidomo viwili vinavyoachana ili cheche iruke. Alipangusa mafuta kwa kitambaa, akatazama tena. Kijani. Rangi ileile ya mlango wa mbele.

Majirani walimwita Bubu, ingawa hakuwa bubu. Maneno yalikuwa yanamkwama kooni tu. Shule aliiacha darasa la tano kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu akimsimamisha asome kwa sauti, alisimama tu mpaka kengele ilie. Nyumbani kaka yake hakumuuliza kitu. Alimpa spana akamwambia, "Njoo huku, Fundi Bubu. Injini haina maswali."

Ni kaka aliyemfundisha kupanga moto. Unatoa plagi, unaingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu lake, unazungusha gurudumu taratibu na spoku inapanda mpaka pistoni ifike juu kabisa. Unarudisha nyuma kidogo, alama ya gurudumu na ya injini zikutane. Katikati ya platini unabana karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, unaivuta kwa vidole viwili bila kulazimisha. Ikiachia palepale alama zinapokutana, cheche itaruka kwa wakati wake. Ikiachia baadaye, moto umechelewa, na injini itakuwa mvivu.

Siku ya kwanza alipoachiwa kazi hiyo peke yake, kaka alipanda, akaenda hadi kona, akarudi. "Inakwenda," alisema. Ilikwenda kweli, ila tangu siku hiyo kila ilipopunguza mwendo kwenye kona, ekzosi ilikohoa pu, pu, kama mzee aliyepaliwa na uji. Vijana wa barazani walimcheka kaka. "Ndiyo sauti yake," aliwajibu. "Mbona mimi sijawauliza kuhusu zenu?"

Na msichana huko jikoni, akisikia ile pu, pu ya kona, alimimina chai kikombeni. Kaka akiingia anaikuta inafuka moshi. Anaketi, anakunywa, anasimulia visa vya barabarani mpaka mama anashika mbavu. Habari ya chai hawakuwahi kuizungumza.

Kisha kaka akapata kazi mbali, akaoa hukohuko. Pikipiki ikabaki ukutani. Kila wiki dada mtu aliiwasha, akaipeleka mpaka kona, akapunguza mwendo, akaisikiliza ikikohoa, akarudi nyumbani. Safari yake ilikuwa hiyo tu.

Juzi kaka alipiga simu. Mama alipoikata alisema, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua, "Anasema uiuze. Hana mpango wa kurudi kuishi huku."

Mteja hakukawia kupatikana. Alikuwa mkunga wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kutosha watu wawili. Asubuhi aliijaribu, akarudi anatweta kana kwamba yeye ndiye aliyeibeba.

"Mwanangu, kilimani inakata pumzi," alisema. "Halafu inakohoa. Mtu ana uchungu, mimi nafika nimeshaamsha mbwa wote?"

Msichana alipangusa kiti kwa kiganja. "Itapona."

"Lini? Maana watoto wanaochelewa nimewazoea, nawabembeleza wanatoka. Pikipiki inayochelewa nitaibembelezaje?"

Mama alicheka dirishani. "Mwachie mpaka alasiri. Ila usimsemeshe sana, ataingia chini ya meza."

Ndiyo maana sasa alikuwa amepiga magoti. Alijua kinachotakiwa kufanywa, na alijua kitakachokwenda nacho. Moto ukikaa sawa, ile sauti haitasikika tena kwenye kona, wala popote. Angeweza kubadilisha plagi, kusafisha kabureta, na kuiacha ikohoe. Mkunga asingejua, mpaka siku imzimikie kilimani huku mwanamke mwenzake anamngoja akiwa ameuma kanga.

Kwenye sahani palikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa wa kiwandani, mwembamba, umenyooka. Wa pili aliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Ulikuwa mkwaruzo uliopinda, wa ncha ya bisibisi. Siku ile ya kwanza mstari wa kiwandani ulikuwa umefunikwa na uchafu mgumu. Hakuuona, akajichorea wake, akaifunga sahani hapo. Tone la kijani lilikuwa juu ya ule wake.

Akaketi chini, mavumbini.

Mlango wa mbele kaka aliupaka rangi wiki aliyoondoka. Wiki hiyohiyo aliweka platini mpya, kwa mikono yake mwenyewe, na tangu hapo hakuna aliyelitoa gurudumu lile. Kwa hiyo aliifungua. Uchafu aliukwangua yeye. Mstari wa kiwandani ulikuwa unamtazama usoni, na kaka hakuwa fundi wa kukosa mstari. Akaona dada yake alipokosea, akachovya brashi, akaweka tone palepale kwenye kosa, ili sahani airudishe hapohapo alipoifunga dada, asiisahihishe.

Na kabla ya siku hiyo? Sikio la kaka lilisikia nati iliyolegea kwenye baiskeli inayopita njia. Alijua. Miaka yote alipanda kile kilima na injini inayokata pumzi, akachekwa, wala hakumtaja dada yake.

Alikaa mpaka mama akauliza kama amelala. Ndipo akalegeza skrubu, akaisogeza sahani hadi mstari wa kiwandani, mwendo usiofika hata upana wa ukucha. Akarudishia gurudumu, na kupitia tundu lake akabana karatasi. Akazungusha. Alama zilipokutana, karatasi ikaachia, laini, kama mtoto aliyeachia kidole usingizini. Akakaza skrubu. Rangi hakuifuta.

Mkunga alikwenda hadi kilimani na kurudi, meno yote nje. "Huyu sasa kaja kwa wakati wake," alisema, akafunga mkoba wake nyuma ya kiti, akaondoka. Msichana alisimama mlangoni, masikio yote kwenye kona. Pikipiki ilipunguza mwendo, ikapinda kimya, kama ya mtu yeyote.

Jioni simu ililia. Mama aliongea weee, akamaliza, akamnyooshea. "Msemeshe kaka yako. Na usimpe pumzi tupu."

Siku zote alisema "eeh" mara kadhaa, akairudisha.

"Fundi Bubu," kaka alisema. "Mama anasema imeenda."

"Eeh."

"Bado inakohoa?"

"Hapana." Akavuta pumzi. "Nimeona rangi."

 Nyuma ya kaka sauti ya mwanamke iliuliza kitu, naye akamwambia asubiri.

"Ningekuambia umekosea, ungeacha kushika spana," kaka alisema. "Nakujua. Halafu chai yangu ningekuwa naikuta imepoa."

Maneno yakamkwama mahali palepale pa siku zote. Mama alikwisha kunyoosha mkono kuichukua simu yake. Akageuka, akampa mgongo, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Kaka," alisema, "nyumba hii bila wewe siiwezi."