Mianzi ya Mkaguzi

Mtaani kwetu, Tainan, mkaguzi wa maji yaliyotuama ni mimi, na mdomo wangu unajulikana. Kwa hiyo alipopatikana mgonjwa wa pili wa kidingapopo, Bwana Tseng wa idara ya afya alinijia kwanza.

"Mama Siok-khim, nionyesheni mazalia ya mbu kabla ya saa sita mchana. Mkishindwa, tunapuliza dawa nyumba zote."

Jirani yangu Mzee Kun alisikia, akapanda juu ya paa kwenye mizinga yake minane. Tangu afiwe na mkewe, nyuki hao ndio anaozungumza nao. Dawa haichagui mbu na nyuki.

Nilianzia kwake, maana simwamini mtu. Visahani vya kunyweshea nyuki vilikuwa na maji ya asubuhi ile.

"Umeridhika, shemeji?"

"Bado. Anayefuga wadudu hakosi kufuga mbu."

Nikapita nyumba kumi na tisa, nikapindua matairi na mitungi ya achari. Hakuna kiluwiluwi hata mmoja. Saa tano na nusu nilimkuta Mzee Kun amefunika mizinga miwili kwa mashuka. Mashuka mengine hakuwa nayo. Nilimwonea huruma.

"Imebaki nyumba moja," akasema.

"Ipi?"

"Ya mkaguzi."

Niliingia kwangu ili kumnyamazisha tu. Kwenye meza ya kuwakumbuka mababu, mbele ya picha ya marehemu mume wangu, kuna chombo cha mianzi ya bahati. Maji yake huwa siyamwagi, naongeza tu. Kuyamwaga ni kumwaga riziki ya nyumba. Nikamulika kwa tochi. Viluwiluwi tele.

Ningeyamwaga kimyakimya, nani angejua? Lakini Bwana Tseng asipoyaona angepuliza. Nikakibeba chombo hadi barabarani.

"Mazalia haya hapa. Ni ya kwangu."

"Nyani haoni kundule!" akapiga kelele muuza tambi, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Nikayamimina maji yale kwenye lami ya moto, machozi yakanitoka. Mashine za dawa zikarudishwa garini. Mzee Kun akaichukua ile mianzi, akaipanda kwenye kopo la udongo, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Marehemu mwenzio hatakasirika," akasema. "Ila kesho, shemeji, fungua mlango mapema. Nakuja kukagua."