Springi za Kigari na Kilo za Wifi

Kigari cha mwanangu wa mwisho ni kidogo, ukikipigia chafya kinatikisika. Lakini kila Jumamosi tulikuwa tunajipakia humo watu wanne. Mwanangu kwenye usukani, mimi ubavuni pake, na nyuma mkewe pamoja na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Safari yetu ni moja tu, kwa dada yangu, upande wa pili wa mji. Dada mguu umemgomea tangu mwaka jana, haendi popote, na hana mtu wa kugombana naye. Watoto wake wanamwitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" mpaka anaudhika. Nisipokwenda mimi, hakuna wa kumwambia kwamba hajui kitu.

Basi springi zikafa. Hazikufa siku moja, zilikwisha polepole kama betri ya tochi. Kila tuta la barabarani, tumbo la gari kruuu! Mara ya kwanza bomba la moshi likang'oka, tukalifunga kwa waya. Mara ya pili likang'oka na waya wake.

Mwanangu akaenda akarudi na shokapu nne kwenye gunia, amezikumbatia kama watoto mapacha mara mbili. Kazipata kwa rafiki yake aliyekuwa akishindana mbio za magari kabla mkewe hajamkataza. Hizo shokapu juu zina kifundo cha kuzungusha. Ukizungusha zinalia ta, ta, ta, hatua kumi na tano, kutoka laini mpaka ngumu. Wiki nzima mwanangu alikaa sebuleni anazungusha. Ta, ta, ta. Mkewe akamwambia, "Baba nanii, ukizungusha tena hiyo kitu nitaizungusha shingo yako."

Tukaenda nazo sote wanne kwa fundi. Huyu fundi watu wanamwita Kipimo, kwa sababu hafungi hata nati bila kuipima. Gereji yake imebanana na duka la nafaka, ukuta mmoja, ukikohoa huku wanakupa pole kule.

"Shikamoo bibi," akaniambia, kisha akamgeukia mwanangu. "Shokapu ni nzuri sana. Sasa springi?"

"Springi si yoyote tu? Hizi nitakuwa nazizungusha."

Fundi akaweka spana chini, kama mtu aliyesikia msiba. "Kaka, sikiliza. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu haibebi hata kuku, kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke. Springi ikiwa dhaifu, zungusha mpaka kidole kiote sugu, gari litalala chini vilevile."

Mimi nikaelewa mara moja. Springi ni mtu mwenye hasira, shokapu ni yule jirani anayemwambia basi, yameisha. Jirani hawezi kukubebea mzigo wako.

Fundi akatoa daftari. "Springi zinachaguliwa kwa uzito. Zipo laini, za kati na ngumu, za mbele mbali na za nyuma mbali. Nataka kilo za kila anayepanda, na anakaa wapi."

Tukaanza kutazamana, nani atangulie.

Mwanangu akatangulia. Akavuta pumzi, akatanua kifua. "Tisini."

Mtoto niliyemzaa mwenyewe, mwembamba kama mti wa fagio! Lakini fundi akaandika.

"Bibi?"

Hapa sijisifu. Wifi ana mazoea ya kunitazama mbele za watu na kusema, "Wifi, umekonda, huyu mkamwana wako anakulisha upepo?" Na mkamwana wangu ananilisha vizuri, mwili wangu tu ndio haushiki kitu. Nikaona leo ndiyo siku ya kumtetea. Nikasema, "Sabini na tano."

Fundi akanitazama, akatazama viatu vyangu, akaandika.

"Na shangazi?"

Wifi akavuta mtandio wake ukamfunika mpaka magotini. Nao ni mtandio mpana, siku nyingine tunaanikia pilipili. "Sitini na mbili," akasema, tena kwa sauti ya chini kama anayetaja umri.

Akabaki mkamwana. Maskini, macho yalimtoka. Atafanyaje? Shangazi wa mumewe kasema sitini na mbili, yeye atamzidije? Amtukane mkubwa wake? "Hamsini na tano," akajibu, akitazama tairi.

Fundi akajumlisha. Mbele, mia moja sitini na tano. Nyuma, mia moja kumi na saba. "Ah, safi kabisa. Mbele kuna injini na watu wazito, tunaweka ngumu. Nyuma laini."

Baada ya siku tatu akatuita. Bila watu, gari lilikuwa limesimama vizuri, linang'aa, unaweza kuliposa. Tukapanda. Mimi mbele, pua ya gari haikushuka hata kidole. Wifi akaingia nyuma, pua ikapanda. Mkamwana akaingia, na mimi nikawa naitazama mbingu. Kigari kilikaa kama kuku anayetaga.

"Hewa nzuri huku juu," mwanangu akasema, lakini hakucheka.

Fundi akakimbilia nyuma, akazungusha vifundo mpaka hatua ya kumi na tano. "Jaribu!" Tukajaribu. Sasa gari likawa linatupiga kama tunapepetwa, na kwenye tuta la kwanza, kruuu! Bomba likabaki barabarani. Mkamwana akashuka kulifuata, akarudi amelibeba kama kuni.

Tulipofika tena gereji mwanangu akazima gari, akaegemeza kichwa kwenye usukani. "Mama, nisamehe. Kwa mama mkubwa hatuendi tena na gari hili. Mpaka nipate jingine."

Jingine! Na hili lenyewe alilipata akiwa na nywele. Nilikuwa nimekosa Jumamosi mbili tayari. Nikamwona dada yangu kitandani anaambiwa "ndiyo mama" mpaka siku yake ya mwisho.

Fundi naye amevimba. "Aliyeniuzia springi kanipa siyo. Naenda sasa hivi kumwaga mzigo wake mlangoni kwake, wateja wote wasikie ni tapeli."

Tayari alishanyanyua ufunguo wa kufungulia magurudumu. Nikasema, "Fundi, ngoja. Huyo mtu hana kosa. Mimi nilikudanganya. Sina sabini na tano."

"Una ngapi, bibi?"

"Sijui. Twende hapo kwenye mizani ya nafaka."

Mwenye duka akasukuma magunia pembeni, tena kwa furaha, siku yake ilikuwa imepooza. Nikapanda. Arobaini na nane.

"Arobaini na nane!" fundi akashika kichwa. "Bibi, umejiongezea mtoto wa darasa la tatu!"

Mwanangu akasukumwa na mkewe. Sitini na nane. Akashuka akiwa mfupi kidogo. Mkamwana akapanda mwenyewe, kajikaza. Sabini na moja.

"Nilisema hamsini na tano kwa heshima tu," akanong'ona.

Wote tukageuka kumtazama wifi.

"Mnanitazama nini? Mimi si gunia."

"Shangazi, dakika moja tu," mwanangu akambembeleza.

"Dakika moja kapande na mama yako. Sitini na mbili nilishasema, na nikisema nimesema."

Nikamshika mkono nikamvuta pembeni, kwenye mifuko ya pumba. "Wifi, tumeolewa ukoo mmoja miaka arobaini na mitatu."

"Umeolewa wewe. Mimi nimezaliwa humu."

"Sawa, umezaliwa. Lakini dada yangu ananisubiri. Panda, nitasoma mimi peke yangu. Na nitakachokiona kitazikwa na mimi."

Akafikiri. Akanitazama kama anapima kaburi langu lina kina gani. Kisha akapaza sauti, "Geukeni wote! Na wewe mwenye duka, tazama maharage yako!"

Wakageuka. Akapanda. Mizani ikalia kwiii. Nikasoma. Siandiki hapa nilichokisoma, niliapa. Nitasema tu kwamba nilisoma mara mbili.

Wifi akashuka huku ananitumbulia macho. Nami nikasimama nikajumlisha kimoyomoyo, kwa vidole ndani ya mfuko. Mimi na mkamwana, mia moja kumi na tisa. Fundi alipanga nyuma kubebe mia moja kumi na saba! Nikajumlisha mwanangu na wifi. Ilizidi ile ya mbele ya fundi kwa kilo kumi na mbili tu. Nikajumlisha tena, maana sikuamini. Uongo wetu wote ulikuwa sahihi, ila tulikuwa tumekaa viti vya wengine.

Sasa kile kiti cha mbele kilikuwa changu. Tangu baba yao afariki, mwanangu hunifungulia mlango wa mbele mwenyewe. Ndipo ninapopungia watu mkono, ndipo watu wanaponijua. Nami nafahamu wifi amekimezea mate miaka yote.

Nikasema, "Fundi, acha springi zilivyo. Mimi nakaa nyuma, wifi anakaa mbele."

"Lakini bibi, kipimo..."

"Kipimo ninacho mimi. Kazungushe vifundo vya mbele hatua mbili tatu, vya nyuma virudishe laini, ufunge na bomba."

Wifi akajitengeneza mtandio. "Nilisema siku nyingi kwamba mkubwa wa ukoo anakaa mbele," akaingia, akafunga mlango, akamwambia fundi asante kama mgeni rasmi anayefungua jengo.

Pua ikashuka. Mkia ukanyanyuka. Gari likakaa sawa kama kikombe mezani. Fundi akalizunguka mara tatu na futi kamba yake, kila kona anapima, kila kona anatingisha kichwa. "Bibi, niambie basi..."

"Piga nati," nikamjibu.

Jumamosi tukaenda. Wifi mbele anapungia watu nisiowajua. Mimi nyuma, magoti kidevuni, mkamwana kanishika mkono. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu mwanangu akalipita makusudi bila kupunguza mwendo, akacheka peke yake.

Dada alikuwa ameketi kitandani kwake, dirishani. Aliona wifi anashuka mbele na mimi natolewa nyuma kwa kuvutwa mikono.

"Wiki tatu!" akafoka kabla sijaingia. "Wiki tatu, na ukija unakuja nyuma kama mzigo! Huna akili tangu utotoni."

"Wewe ndiye usiyekuwa nayo," nikamwambia, nikavuta kiti mpaka kitandani kwake. "Ngoja nivue viatu kwanza."