Nyangumi na Sauti ya Kuazima

Kwa miaka thelathini na minane mzee alitengeneza malori, na gereji nzima ikamwita Sikio. Hakuwa na tabia ya kukimbilia kufungua boneti. Aliwasha injini kwanza, akainamisha kichwa kama anayenong'onezewa siri, kisha akasema ugonjwa uko wapi. Presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, miaka minne iliyopita, alikabidhi spana zake, akahamia kwa binti yake wa pekee, na kuanzia hapo akawa mtu wa redio na kiti cha barazani.

Binti huyo alikuwa mshonaji wa viti vya magari katika gereji ileile. Asubuhi moja, akiwa anashusha sponji, aliona tangazo limebandikwa getini: gari jekundu la zimamoto katikati ya jangwa jeupe. Moyo ulimruka. Ilikuwa ile filamu yao! Dunia imekauka, mito imebaki mifupa, na mwanamke mmoja anavusha maji ya mwisho kwenye jangwa la chumvi, akiwa ndani ya gari la zimamoto analoliita Nyangumi, huku majambazi wakimfukuza kwa kila chenye magurudumu. Chama cha wapenzi wa filamu hiyo kingeionyesha Jumamosi alasiri katika ukumbi wa zamani wa sinema, kwa kuwa ilikuwa inatimiza miaka thelathini na mitano.

Binti alikuwa na miaka tisa walipoitazama mara ya kwanza. Baba alimdanganya mama kwamba wanakwenda kushonesha viatu. Walirudi jioni sauti zimewakauka kwa kushangilia, na mama akavitazama viatu vya mtoto, bado vinacheka vilevile. Tangu hapo waliitazama filamu ile nyumbani mpaka kanda ikakatika.

"Baba, Jumamosi tunakwenda kumwona Nyangumi," alimwambia jioni ile.

"Nani anakwenda kumwona? Kipofu kwenda sinema ni sawa na kipara kwenda saluni."

"Nitakusimulia."

"Utanisimulia nini, mwanangu? Mimi nimezeeka, sijapata wazimu. Niache na redio yangu."

Hakubishana naye. Aliijua njia nyingine. Siku tatu mfululizo, kazi zikiisha, alibaki kwenye cherehani yake akaunganisha mabaki ya ngozi ya viti: vipande vyeusi, vya kahawia, na kimoja chekundu kilichotoka kwenye kiti cha basi. Ijumaa alimwekea mzee koti mapajani.

Vidole vya mzee vilitembea juu ya mishono. Vikahesabu vifungo, vikapima kola, vikaingia mfukoni.

"Koti la dereva wa Nyangumi," alisema polepole. "Mkono mmoja mfupi."

"Mmoja mfupi, kama lake."

"Hm." Akalivaa. "Hiyo sinema inaanza saa ngapi?"

Ukumbini kulikuwa na vituko. Watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, walikuwa wamejipaka vumbi usoni na kujifunga minyororo ya baiskeli. Mmoja alivaa chujio la jikoni kichwani. Mwenyekiti wa chama, daktari wa meno mwenye kitambi, alikuwa na miwani ya pikipiki na mabega ya vipande vya tairi. Binti alimsimulia baba kila mmoja, na mzee alicheka hadi akapaliwa.

Taa zikazimwa. Binti akasogeza mdomo karibu na sikio la baba na kuanza kazi aliyoiahidi.

"Gari linatokea kwa mbali, Baba. Linakuja. Linapanda mlima. Sasa linasimama..."

Mwanamke aliyekaa mbele yao, aliyejichora makovu bandia mashavuni, akageuka. "Dada, tumekuja kutazama, hatukuja kusikiliza redio."

Binti alitamani ardhi immeze. Akanyamaza. Dakika mbili zikapita, tatu, na roho ikamuuma kumwona baba ametumbua macho gizani bila mtu wa kumwambia chochote. Ghafla mzee akaanza kucheka mwenyewe, na ukumbi mzima ukacheka sekunde moja baada yake.

"Baba, umejuaje?"

"Si nimesikia mlango unalia? Yule mwenye ndoo anakuja kuanguka." Akamwegemea. "Mwanangu, magari usinisimulie, nayasikia. Anapopanda mlima najua, amerudi gia ya pili. Niambie yale yasiyo na sauti."

Hapo ndipo alipoelewa. Akaacha kusimulia milima na mabomu. Alingoja mpaka kukawa kimya, ndipo akanong'ona: "Anamtazama yule bibi mwenye kikombe kitupu. Mdomo unamtetemeka, lakini hataki aonekane." Au: "Mbingu imekuwa rangi ya chungwa bovu." Au: "Ameweka mkono juu ya usukani kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa." Mzee aliitikia kwa kichwa, na kila alipoitikia, macho yake yalimeremeta.

Mwanamke wa makovu akageuka tena. Binti akajiandaa kuomba radhi.

"Hebu rudia hapo kwenye mkono," yule mwanamke akanong'ona. "Nimeitazama miaka yote hii, sikuwahi kuuona." Na hakugeukia tena mbele sawasawa, alikaa upande, sikio moja kwa binti, macho kwenye skrini.

Wakafika kwenye mbio za jangwa la chumvi. Magari thelathini yanamfukuza Nyangumi, watu ukumbini wamesimama juu ya viti wanapiga mayowe, na katikati ya shangwe hiyo mzee akanyanyuka.

"Hapana! Hiyo si sauti yake!"

"Kaa, Baba!"

"Nikae vipi na huyo si Nyangumi?"

Filamu ilipokwisha na taa kuwashwa, mwenyekiti alishika kipaza sauti na kuuliza kama kuna mwenye neno. Mkono wa mzee ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

"Nyangumi ni dizeli, silinda sita," alisema. "Tangu mwanzo anakohoa kama babu anayeamka. Pale kwenye chumvi anaunguruma kwa silinda nane, tena za petroli. Wamemwazima sauti ya gari lingine."

Minong'ono ikazagaa. Mwenyekiti akatabasamu kwa upole, vile anavyotabasamu kabla ya kung'oa jino. "Mzee wangu, filamu hii nimeitazama mara sitini na mbili."

"Umeitazama, daktari. Mimi nimeisikiliza."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mwenye chujio akapaza sauti: "Apimwe! Twende uani, apimwe!" Uani kulikuwa na magari matano ambayo wanachama walikuwa wameyapamba kwa mabati na pembe, na kabla binti hajatia neno, watu walikuwa wameshamzunguka baba yake na kumwongoza nje.

Alimshika mkono. "Baba, si lazima."

"Niachie," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya gereji. "Washeni la kwanza."

La kwanza akasema ni pikapu ya dizeli, na mkanda wake umelegea. Kweli. La pili akasema ni basi dogo, ekzosi imetoboka karibu na mwisho. Mwenye gari akainama kutazama, akaibuka na masizi kidoleni. La tatu mzee alilisikiliza kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Hili ni gari zuri, masikini. Plagi moja imekufa, na mwenyewe ni mtu wa kuahirisha mambo. Ni la nani?"

Mwenyekiti akavua miwani yake ya pikipiki. "Ni langu."

"Na wagonjwa unawaambia wasicheleweshe meno!"

Watu walishikana mabega wasianguke kwa kucheka, daktari mwenyewe akiongoza. La nne na la tano hayakumchukua dakika. Mjanja mmoja akaenda akawasha kitu nyuma ya ukuta.

"Hilo si gari," alisema mzee. "Ni jenereta, na imekaa kwenye sakafu isiyo sawa."

Basi wakarudi ndani wote. Mwenyekiti akaamuru sehemu mbili zichezwe upya, ile ya mlimani na ile ya kwenye chumvi. "Na kila mtu afumbe macho," alisema. "Wote. Hata mimi."

Binti alifumba yake. Gizani mwake akasikia babu anakohoa, mzito, anapanda mlima kwa subira. Halafu, baada ya ukimya mfupi, akasikia simba. Hapakuhitajika fundi. Watu mia na zaidi walishusha pumzi kwa pamoja: "Aaa!" Kisha makofi, na miguu kugonga sakafu, na mwanamke wa makovu akimpigapiga binti begani kana kwamba ni yeye aliyetengeneza masikio yale.

"Miaka thelathini na mitano!" mwenyekiti alisema, mikono kichwani, uso umejaa furaha. "Tumepigwa changa la macho!"

"La masikio," mzee akamsahihisha.

Jua lilikuwa bado halijazama walipotoka. Binti alidhani wanaelekea nyumbani, lakini mzee alisimama uani na kuuliza liko wapi lile gari la daktari. Boneti ikafunguliwa. Mikono yake ikashuka ndani, ikasita, ikapapasa waya mmoja mmoja, na mara ikaenda kwa haraka, bila kuuliza njia. Ilikuwa mara ya kwanza kuishika injini tangu macho yalipozima.

"Nani ana spana ya plagi?" aliuliza.

Watu watatu walikimbia kuitafuta. Daktari wa meno alipiga goti kando ya tairi, akasikiliza kwa makini akielezwa kosa lake. Binti akakaa kwenye ngazi za ukumbi, akavua viatu, akanyoosha miguu. Hakuwa na haraka ya kwenda popote.