Damu ya Ukoo wa Mun

Narae alirudi kutoka shuleni na kidole kimefungwa plasta, akakiinua juu kama mtu aliyepewa nishani.

"Mama, leo tumetobolewa! Mwalimu wa sayansi amepima damu darasa zima. Mimi ni O."

"Kama mimi," Malsuk akasema bila kuinua macho. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, akitia chumvi katikati ya majani ya kabichi. Majira ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, yalikuwa yameingia, na mji mzima wa Haenam ulinuka kitunguu saumu.

"Na Baba je?"

"AB," Giltae akajibu kutoka mlangoni, huku akivua viatu vyake vya shamba. "Walinipima jeshini."

Narae akaangua kicheko. "Haiwezekani! Mwalimu amesema mzazi wa AB hazai O. AB anampa mtoto A au anampa B, lazima moja. Mwenye O hana cha kutoa. Ningekuwa A au B mimi. Jeshini walikudanganya, Baba."

Wakacheka wote watatu. Giltae akasema kesho yake atapita kliniki, amalize ubishi, na Narae akaomba waende pamoja.

Waliporudi, msichana aliingia chumbani moja kwa moja. Giltae alibaki amesimama jikoni na koti lake mwilini.

"Mimi AB. Yeye O. Wamerudia kupima."

"Basi wamekosea wao," Malsuk akasema.

"Nani, Mama Narae?"

"Nani nini?"

"Nakuuliza. Nani?"

Ilimchukua muda kuelewa anachoulizwa. Alipoelewa alicheka, kisha akalia, kisha akaapa kwa kaburi la baba yake. Giltae alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite aendelee na safari yake.

Hata kusingizia kwamba watoto walibadilishwa hospitalini haikuwezekana. Narae alizaliwa humo humo ndani, juu ya sakafu inayopashwa moto kwa chini ya chumba cha nyuma, na mavyaa wake Malsuk, yaani mama yake Giltae, ndiye aliyempokea. Bibi huyo hakuwa na haya.

"Nilimtoa kwa mikono yangu hii," alisema mbele ya majirani waliokuja kusaidia kabichi. "Kwamba ni mtoto wako, sina ubishi. Mimi naulizia mbegu."

"Mama, sikumjua mtu mwingine."

"Damu haina urafiki na mtu. Damu imesema."

Siku za kwanza Malsuk alikesha akijitafuta. Aliupekua mwaka ule wote aliobeba mimba, mwezi kwa mwezi, kama mtu anayegeuza mifuko ya nguo kuukuu. Mwanamume mgeni aliyemkumbuka ni mmoja tu, muuza vyerehani, aliyekunywa maji ya shayiri kibarazani, akasifia paa, akaenda zake. Hapo ndipo kitu ndani yake kilipozimika. Hakikuvunjika, kilizimika tu. Moyo ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu ukinyooshwa huanza kuchoma, na huu haukuchoma. Kabichi zilimaliziwa. Mitungi ikajazwa. Watu wakala, wakasema chumvi imekaa sawa.

Giltae hakumwacha, maana ingebidi aeleze sababu kwa ukoo mzima wa Mun. Alihamisha godoro lake tu, akalala ghalani kati ya magunia ya mbegu. Wala hakumwita tena Narae kwa jina. "Mwambie huyo apunguze redio." "Huyo amekula?" Kila mwaka siku ya kuzaliwa ya msichana, Malsuk alipika mchuzi wa mwani kama desturi, akatenga bakuli nne, na ya Giltae ikapoa bila kuguswa. Narae alipofika umri wa sekondari ya juu alikwenda kusoma Mokpo, akakaa kwa dada yake Malsuk. Kwenye kituo cha basi alisema neno moja tu: "Twende wote, Mama."

"Na bibi yako atapikiwa na nani?"

Narae alimtazama kana kwamba hamfahamu, akapanda basi.

Majira ya baridi yaliyofuata, mavyaa aliteleza kwenye barafu nyuma ya nyumba, akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali kubwa ya mjini Gwangju, akapasuliwa, na Malsuk akaenda kumuuguza, akilala kwenye kitanda kifupi cha chuma chini ya kitanda cha mgonjwa. Bibi alikuwa amepoteza damu nyingi, kwa hiyo wakamtundikia mfuko. Alipopata nguvu, kitu cha kwanza kilichomrudia ni mdomo.

"Unaona hiyo?" alimwambia mama wa kitanda cha jirani, akinyooshea mfuko kidole. "AB. Damu ya watu wachache. Na mwanangu ni AB vilevile, kanifuata mimi kabisa. Marehemu mume wangu alikuwa O. Wakati wa vita alimtolea mwenzake damu pale pale mahandakini, na watoto wa yule bwana mpaka leo hutuletea pea kila sikukuu ya mavuno."

Malsuk alikuwa akikamua taulo. Mikono ikasimama yenyewe.

"Mama."

"Nini? Hayo maji yana moto, yapoze."

"Baba mkwe alikuwa O?"

"Si nimesema? Umeziba masikio?"

"Na wewe AB."

"Mfuko si huo hapo!"

"Basi Baba Narae asingekuwa AB. Angekuwa A, au angekuwa B. Ndivyo mlivyoniambia miaka yote hii."

Mama wa kitanda cha jirani aliacha kumenya tunda lake. Bibi alijiinua kwa kiwiko. Uso ukamgeuka rangi polepole.

"Unanisema mimi? Mimi, na mvi hizi? Sijaguswa na mwanamume mwingine tangu nizaliwe!"

"Najua, Mama," Malsuk akasema. "Hata mimi."

Aliisema kwa sauti ile ile ya kuagizia vitunguu sokoni. Alingoja kitu kiinuke kifuani, hasira au furaha, chochote. Hakikuja. Akamalizia kukamua taulo, akamfuta bibi shingo na nyuma ya masikio.

Aliyepiga kelele ni bibi mwenyewe. "Niitieni daktari! Niitieni sasa hivi! Kuna mtu ananivunjia heshima yangu humu!"

Daktari Pyo, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, alisikiliza yote bila kucheka. Akaomba damu ya bibi, ya Giltae, ya Malsuk na ya Narae. Majibu yalipotoka aliwaketisha mwana na mke kando ya kitanda cha bibi, akafumba ngumi zake mbili mbele yao.

"Kila mtu ana pande mbili, na mtoto huchukua upande mmoja kwa kila mzazi. Kwa mwenye AB wa kawaida, A iko huku, B iko huku." Akafungua ngumi moja. "Kwenu A na B zimeshikana, zote ziko upande mmoja. Upande wa pili ni mtupu. Bibi alimpa mwanawe upande wenye zote. Mwanawe akampa binti upande mtupu. Ni jambo la nadra, lakini huku mkoani kwetu Jeolla si mara ya kwanza kuliona."

"Kwa hiyo yule ni wangu?" Giltae akauliza.

"Damu hii haina sababu yoyote ya kumkataa. Mkeo alikwambia nini tangu mwanzo?"

Bibi alijifunika shuka mpaka puani na kuutazama ukuta.

Usiku ule waliporudi Haenam, Giltae alitoka ghalani amekumbatia godoro, akasimama mlangoni. Malsuk alilisogeza lake kumpa nafasi, kama anavyompisha mtu kwenye basi.

"Nipige," Giltae akasema. "Nitukane. Sema kitu."

"Nimechoka, Baba Narae."

"Nifanye nini basi?"

"Nenda Mokpo. Mtoto ndiye aliyekuwa akiitwa 'huyo'."

Alikwenda Jumapili, amevaa suti ya harusi za watu. Alirudi jioni, akakaa kibarazani bila kuvua viatu. Malsuk alimletea maji.

"Alitoka?"

"Alitoka. Tulikula tambi karibu na bandari. Nilimweleza yote, nikapiga magoti pale pale, watu wanaangalia."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza basi langu linaondoka saa ngapi."

Malsuk akaitikia kwa kichwa.

"Alimaliza tambi?"

"Alimaliza. Na zangu nyingine akachukua."

Malsuk alibaki amesimama na kikombe kitupu mkononi. Kisha akaingia jikoni, akaloweka mwani, ingawa haikuwa siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote.